Usiku wa muvi uani: anza na shuka la sita kwa sita

Kila nikimwonyesha mtu picha ya ua wetu wa Sakina, Arusha, shuka limetundikwa kwenye kamba ya nguo na watu kumi na moja wamejikunyata ndani ya mablanketi, maswali ni yaleyale. Projekta gani? Muvi unazitoa wapi? Majirani hawalalamiki? Nimejibu hadi nimechoka, tena mara nyingi najibu nikiwa kwenye daladala na nusu ya mambo nasahau. Nimeyaweka yote hapa. Ukiniuliza tena, nitakuambia usome.

Mwongozo huu ni wako kama unapenda muvi ambazo hata kibanda umiza hakiziweki, na muziki wa andagraundi ambao redio haiupigi, na umechoka kufurahia peke yako kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Uko Arusha au Moshi, una ua, au baraza, au chumba kimoja chenye ukuta mweupe. Inatosha.

Nisisitize hili kabla hujafungua pochi: vifaa duni vilivyojaribiwa jana yake vinashinda vifaa vya kisasa vilivyotolewa kwenye boksi saa moja usiku wageni wakiwa wamekaa. Usiku wangu wa kwanza niliazima projekta nzuri ya ofisini kwa rafiki yangu. Ikagoma kusoma fleshi. Tukaishia kuangalia muvi kwenye laptopu watu tisa, wawili wa nyuma wakisimuliwa na walio mbele.

Unachohitaji

- Projekta. Ya kuazima ni bora kwa mara ya kwanza. Usinunue kabla hujajua kama utaendelea.
- Shuka jeupe lisilo na maua, la kitanda cha sita kwa sita. Mawili ni bora kuliko moja. Walio Moshi, mitumba ya Memorial inayo mazito ya pamba kuliko mapya ya dukani.
- Sabufa yoyote inayofanya kazi, na waya wake wa pini: upande mmoja nyekundu na nyeupe, upande mwingine pini ya earphone. Uwe mrefu, mita tano au zaidi.
- Laptopu na waya wa HDMI.
- Ekstensheni mbili. Moja haijawahi kutosha.
- Kamba ya nguo, vibanio, na chupa nne za maji zilizojaa.
- Tochi, maana kuna mtu ataangusha simu.
- Arusha: mablanketi. Moshi: dawa ya mbu. Usibadilishane.

Hatua ya 1: Chagua usiku

Huku kwetu jua linazama kati ya karibu saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja, mwaka mzima. Giza la kufaa linapatikana kuanzia saa moja na robo. Waambie watu waje saa kumi na mbili na nusu. Watafika saa moja na nusu, na mambo yatakwenda sawa.

Angalia mwezi. Projekta ndogo haiwezi kushindana na mwezi mpevu, kwa hiyo panga siku za kiza, mwezi ukikaribia kuandama. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sahau ua kabisa. Novemba na Desemba unacheza kamari na vuli. Juni na Julai hakuna mvua ya maana, ila Arusha iko kwenye mita kama 1,400 na baridi ya miezi hiyo mnaijua. Moshi iko chini zaidi, mnaweza kukaa na fulana hadi saa nne.

Hatua ya 2: Omba ruhusa ana kwa ana

Usitume ujumbe. Nenda mwenyewe, mchana, siku mbili kabla. Mimi nilimkuta mama mwenye nyumba anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kodi?"

"Hapana mama, kodi tarehe tano. Jumamosi nataka kuweka muvi hapa uani na wenzangu wachache. Saa nne tutakuwa tumemaliza."

Akaendelea kuchambua. "Muvi gani?"

"Ya Waganda, mama. Ya kuchekesha."

"Saa nne ni saa nne. Na mimi uniwekee kiti."

Amekuja kila mara tangu siku hiyo, na jirani hawezi kulalamika mama mwenye nyumba akiwa amekaa mstari wa mbele. Taja saa ya kumaliza kisha iheshimu, hata kama muvi imebaki dakika kumi.

Angalizo: hapa naongelea nyumbani, marafiki, bila kiingilio. Ukianza kutoza hela au kubandika matangazo nguzoni, umeingia kwenye maonyesho ya hadhara, na hayo yana wenyewe: Bodi ya Filamu na COSOTA, watu wa hakimiliki. Kaulize kwao kwanza.

Hatua ya 3: Pima ukubwa wa picha kabla ya kugusa kamba

Hapa ndipo karibu kila anayeanza anakosea. Anataka picha kubwa kama ya sinema. Anaisukuma projekta hadi mwisho wa ua, anapata picha ya mita nne iliyopauka kama chai ya rangi iliyochemshwa mara ya tatu.

Nadharia ni hii tu: mwanga ni uleule, unaugawa kwenye eneo. Ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na mwanga unabaki robo. Kwenye boksi la projekta za bei ya chini wameandika lumeni, yaani kipimo cha mwanga, 9,000 au zaidi. Usizitazame. Tafuta namba yenye neno ANSI pembeni yake; zile ndogo za LED mara nyingi hazizidi mia mbili au tatu, na nyingine hazifiki hata hapo. Kwa mashine kama hiyo, picha ya upana wa mita 1.8 inatosha, nayo itakuwa na kimo cha mita moja na kidogo. Hapo ndipo linapokuja shuka la sita kwa sita. Watu kumi na mbili wanaiona vizuri, niamini.

Kujua uiweke wapi: simamisha projekta mita mbili kutoka ukutani, pima upana wa picha kwa futikamba, kisha gawanya umbali kwa upana. Ukipata picha ya mita 1.3, jibu ni kama 1.5. Basi picha ya mita 1.8 inataka umbali wa 1.8 mara 1.5, yaani mita 2.7. Weka alama chini kwa chaki au jiwe.

Hatua ya 4: Tundika shuka

Piga pasi. Najua, ni ua na ni usiku, lakini kila mkunjo utaonekana kama kovu kwenye uso wa mwigizaji. Pandanisha mashuka mawili ili mwanga usipenye na kwenda kumulika ukuta wa jirani. Kama nyuma yake kuna taa ya mtu ambayo haizimwi, ongeza blanketi jeusi nyuma kabisa.

Kaza kamba kati ya vitu viwili visivyoyumba. Mti wa mparachichi sawa, nguzo ya baraza sawa, mgomba hapana. Nimewahi kuutumia, na muvi nzima ilikuwa kama iko kwenye boti. Bana vibanio kila baada ya shubiri mbili, halafu funga chupa za maji kwenye pindo la chini, moja kila kona na mbili katikati. Upepo wa jioni utalivuta shuka, chupa zitalirudisha.

Projekta ikae kimo cha katikati ya shuka. Stuli juu ya kreti la soda inatosha. Ukiiweka chini ukaiinamisha juu, picha inakuwa pana kichwani na nyembamba miguuni. Ndiyo, kuna kitufe cha kunyoosha, lakini kinanyoosha kwa kuibana picha, na ukali wake unapungua.

Hatua ya 5: Sauti

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kwangu sauti ni nusu ya muvi na zaidi. Watu wanavumilia picha hafifu. Sauti mbovu hawaivumilii. Baada ya dakika ishirini wanaanza kupiga stori.

Spika ya ndani ya projekta ni ya kuisahau. Sabufa iweke chini ya shuka au pembeni yake, sauti itoke inakotoka picha. Ukiiweka karibu na wewe unayeendesha mitambo, watu watasikia mtu anaongea mgongoni mwao huku mdomo ukichezea mbele. Ndiyo maana waya uwe mrefu.

Tumia waya, usitumie bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo, na kidogo hicho kinatosha mlango ufungwe kwanza halafu ndiyo usikie "pa".

Ukichomeka HDMI, laptopu nyingi zinapeleka sauti kwenye projekta zenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua tundu la earphone. Kisha punguza besi ya sabufa karibu yote. Sabufa zetu zimetengenezwa kwa ajili ya muziki wa baa. Ukiiacha besi, maneno yote yanazama, na jirani wa nyumba ya tatu anasikia mtikisiko tu bila muvi.

Hatua ya 6: Andaa mafaili

Weka muvi kwenye laptopu yenyewe, na nakala kwenye fleshi. Usitegemee bando. Tumia programu ya VLC, ni ya bure na inafungua karibu kila kitu. Faili la maandishi ya tafsiri lipe jina lilelile la muvi, vikae folda moja, VLC italiona bila kuambiwa.

Muvi ya kwanza iwe ipi? Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu halijabadilika: Who Killed Captain Alex?, ya 2010, iliyopigwa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, na Isaac Nabwana. Ni muvi ya mapigano iliyotengenezwa kwa hela ya kuokoteza, na wenyewe waliiweka YouTube bure mwaka 2015. Juu ya picha kuna mtangazaji, VJ Emmie, anayeshangilia, anayetania, anayemsifia kila anayepigwa. Mzungu anahitaji kuelezwa kwanza. Mtu aliyekulia Tanzania kwenye kanda za video zilizotafsiriwa na Lufufu haelezwi kitu, anacheka tangu dakika ya pili. Halafu ina sababu ya kifundi: matukio mengi yako mchana kweupe, na projekta dhaifu inapenda mchana.

Ya pili, mkishazoeana, ni muvi ya mazombi, Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Hii unaipakua kihalali kabisa. Wasambazaji walibadilisha jina la muvi dakika za mwisho, wakasahau kurudisha tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo ikawa mali ya umma. Ipo kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna rangi ya kupauka, ila sehemu kubwa ni usiku. Inataka kiza cha kweli. Zima hata taa ya choo.

Kuna wanaosema tuanze na Hatari! ya 1962 kwa sababu ilipigwa huku kwetu, pande za Momella. Nawaelewa. Lakini ina saa mbili na dakika 37, na usiku wa Julai una baridi, na mama mwenye nyumba alisema saa nne.

Hatua ya 7: Muziki wa kungojea

Watu wanafika mmojammoja kwa saa nzima. Saa hiyo ni ya muziki wako, na ndiyo nafasi pekee utakayopata ya kuwasikilizisha vitu ambavyo hawangevitafuta. Andaa nyimbo kumi na tano, ziwe tayari kwenye laptopu.

Mimi huanza na X Plastaz. Vijana wa hapahapa Arusha waliochanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya 2004 ilitolewa na lebo ndogo ya Ujerumani, Out Here. Bado nakutana na watu wa Ngarenaro wasiowajua. Inauma.

Kwa vitu vipya, nunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Ukilipa, faili linakuwa lako, unalipakua mara moja na bando halihusiki tena, na sehemu kubwa ya hela inamfikia msanii. Kuanzia Machi 2020 wana Ijumaa fulani ambazo wanaacha fungu lao lote liende kwa wasanii. Mimi husubiri hizo. Kulipia unahitaji kadi, na kadi ya mtandaoni ya kwenye pesa za simu inaweza kufanya kazi. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala imetoa singeli nyingi za Dar humo. Ila singeli usiiweke kabla ya muvi. Inapita mapigo 200 kwa dakika, hakuna atakayekaa chini tena. Mimi naiweka kesho yake asubuhi wakati wa kufagia ua.

Hatua ya 8: Jaribu jana yake

Ijumaa usiku, palepale uani, kwa waya uleule na faili lilelile. Dakika kumi. Usijaribu dakika za mwanzo tu. Ruka hadi katikati na mwisho, maana mafaili mengine yamekatika huko. Halafu kaa kwenye kila kona ambako mgeni atakaa.

Na angalia LUKU. Projekta, sabufa na laptopu kwa pamoja hazifikishi hata uniti moja kwa saa mbili, kwa hiyo muvi haikumalizii umeme. Kinachoumaliza ni wengine. Sisi tulikuwa tumefika pale mazombi wanavunja dirisha, mpangaji mwenzangu akachemsha maji ya kuoga kwa hita, uniti zilizobaki zikaisha, na ua mzima ukawa giza. Watu walipiga kelele za kweli. Sijawahi kupata onyesho zuri kama lile, lakini nililazimika kununua umeme kwa tochi huku mikono inatetemeka kwa baridi.

Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Washa mitambo kabla watu hawajafika. Waya zote zipite ukutani, na zinazokatiza njia zibandike chini kwa selotepu au zifunike kwa mkeka. Chakula kiwe cha kushika kwa mkono mmoja: bisi, karanga, mahindi ya kuchoma. Walio Arusha, mtori kwenye vikombe saa mbili usiku unashinda blanketi.

Usihutubie. Kuna tabia sisi wapenzi wa vitu hivi tunayo, ya kueleza historia ya muvi kwa dakika kumi kabla haijaanza. Sema jina, mwaka, ilipotoka. Bonyeza.

Ikiisha, kama projekta ni ya balbu, izime kwa kitufe na uache feni izunguke hadi inyamaze yenyewe. Ukichomoa ghafla, balbu inaweza kuungua, na projekta si yako.

Ikigoma

*Fleshi haisomeki.* Projekta nyingi hazikubali fleshi iliyoformatiwa kwa exFAT. Format upya kwa FAT32, ila FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Njia fupi: achana na fleshi, tumia laptopu.

*Kwenye fleshi picha ipo, sauti hakuna.* Faili lina aina ya sauti ambayo projekta haiijui. Laptopu na VLC tena.

*Maandishi yanatangulia au yanachelewa.* Kwenye VLC ya Windows bonyeza G au H hadi yakae sawa. Sauti ikiachana na midomo, J au K. Bonyeza polepole, kila mbonyezo ni kiasi kidogo sana.

*Unarusha kutoka simuni, sauti ipo, picha nyeusi.* Programu nyingi za muvi za kulipia zinazuia makusudi. Simu haijaharibika.

*Sabufa inavuma "mmmm" hata muvi ikiwa kimya.* Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mara nyingi mvumo unakata papo hapo.

*Projekta inajizima baada ya nusu saa.* Imepata joto. Iondoe juu ya blanketi, safisha vumbi kwenye matundu, usiifunike kwa kitambaa hata kama feni inakukera.

*Kumbikumbi.* Usiku wa kwanza baada ya mvua, watakuja kwenye mwanga kwa maelfu, na shuka litajaa mbawa. Hakuna dawa. Zima, hamia chumbani, rusha picha ukutani, kaeni chini mkibanana.

*Umeme umekatika mtaa mzima.* Laptopu ina betri na kioo chake. Spika ndogo ya simu inatosha watu wanane. Mmalizie.

*Mtu amelala.* Mfunike.